Chukua Mayai, Mwache Mama
Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:6-7

Andiko la leo ni fupi, na wengi wetu tumelipita mbio tukikimbilia baraka za sura ya 28. Mungu anawaambia Waisraeli: mkikuta ndege amelalia mayai au makinda, makinda mnaweza kuchukua, lakini mama mwacheni aende zake. Kisha anaweka ahadi ya kufanikiwa na ya siku nyingi. Hiyo ndiyo ahadi aliyompa anayeheshimu baba na mama (5:16). Kumbe kiota nacho ni jambo zito mbele za Mungu!

Mimi nilisomea biashara, na hapa naona mtaji na faida. Mayai ni faida, mama ni mtaji. Ukila faida, kesho itakuja nyingine. Ukila mtaji, umefunga duka.

Sasa tuje hapa kwetu Kilifi. Kuna ndege mdogo, mweusi na manjano, anaitwa kwera wa Clarke. Dunia nzima anapatikana kaunti yetu tu, Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Wataalamu walimwandika mwaka 1913, lakini viota vyake hawakuviona mpaka 2013, kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Miaka 100 wanatafuta, na Muumba anajua vilipo! Leo msitu wa Dakatcha unakatwa kwa ajili ya makaa na mashamba ya mananasi. Ukiisha, huyu ndege hana kaunti nyingine ya kuhamia.

Mpendwa, sikuhukumu. Najua humu ndani kuna mzazi ambaye karo imetoka kwa tanuri la makaa. Na andiko halikusema usichukue kitu, lilisema mwache mama. Pale Gede, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke huwapata vipepeo wa kike msituni, wanataga, viwavi wanalishwa majani mpaka wawe pupa, na pupa wanauzwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Hela inaingia na msitu umesimama. Mama ameachwa!

Kwa hivyo nawaomba hivi. Kabla hujalipia gunia, uliza makaa yametoka wapi. Kama una shamba, kinamasi na miti ya kandokando yake usiguse. Na nyinyi mnaouza makaa, njooni ofisini baada ya ibada ya pili, tukae na kalamu tupige hesabu ya kazi nyingine. Hatuwezi kumwambia mtu aache tanuri halafu tumwache na njaa.

Mungu hakutunyima mayai, wapendwa. Aliomba mama tu. Kanisa liseme Amina!