Nyuma ya Msafara

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), aliyetuumba kutokana na nafsi moja, kisha akatujaalia udugu wa damu na udugu wa ndoa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu wanafunzi, likizo imekaribia na kadi za arusi zimeanza kufika. Wengi wenu mnaopanga vyumba Gasenyi na Gihosha mmeshapigiwa simu: mtoto wa mama mkubwa anaolewa Rumonge, au binamu anaoa Kigoma, na Hiace ya kukodi itapita kukuchukua baada ya sala ya Alfajiri. Ikifika utakuta ndani yake bibi, shangazi wawili, mama mdogo na mapacha wake, watoto sita au saba waliopakatwa kwa sababu viti vimekwisha, ndoo ya sambusa, na begi la nguo za bibi arusi ambalo ni marufuku kuliwekea kitu juu. Nafasi yako imeachwa kule nyuma kabisa, karibu na mizigo. Leo nataka tuzungumze kuhusu nafasi hiyo ya nyuma.

Kwanza, kwenda kwenyewe. Wanazuoni wengi, na madhehebu ya Imamu Shafi miongoni mwao, wanasema kuitikia mwaliko wa walima ya ndoa ni wajibu kwa asiye na udhuru. Mtihani wa kweli ni udhuru. Kulala mpaka saa nne na kuangalia mpira si udhuru, na kumwambia mama kwamba una mtihani wakati huna ni uongo mtupu, hilo halihitaji fatwa. Tena sisi watu wa ziwa tuna jambo la ziada. Uislamu uliingia nchi hii kwa wafanyabiashara waliokuja kutoka Ujiji na mwambao, wakapita hizi hizi kingo za Tanganyika, wakaoa na kuozesha njiani. Ndiyo maana mtu wa Buyenzi ana shangazi Rumonge, mjomba Nyanza-Lac na babu mdogo Kigoma. Arusi ndiyo inayotukutanisha wote. Tusipokwenda, watoto wetu watakuja kukutana chuoni bila kujua kwamba ni ndugu.

Sasa turudi kwenye kiti cha nyuma. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia, na Abu Daud ameipokea, kwamba Mtume (s.a.w.) katika safari alikuwa akibaki nyuma ya msafara. Akimkuta mnyonge humsukumia mbele kwa upole, akimkuta aliyechoka humpandisha nyuma yake, na akiwaombea dua. Fikirini jambo hilo. Kiongozi wa umma, ambaye kila mmoja angefurahi kumwona akiwa mbele, amechagua kuwa pale wanapopatikana waliochelewa.

Jabir mwenyewe alikuwa mmoja wao. Katika safari moja ngamia wake alichoka, akaachwa na wenzake. Mtume (s.a.w.) akamfikia, akamgusa ngamia yule kwa fimbo, naye akaenda kwa nguvu kama hajawahi kuchoka. Wakaanza kuzungumza njiani. Na mazungumzo yao yalihusu nini? Ndoa! Alimuuliza kama ameoa, na kama ameoa bikira au mwanamke aliyewahi kuolewa. Jabir akasema ameoa aliyewahi kuolewa, kisha akaeleza sababu: baba yake aliuawa siku ya Uhud akaacha wasichana wadogo, naye hakutaka kuwaletea msichana wa rika lao, bali mwanamke wa kuwachana nywele na kuwasimamia. Kijana huyu aliingia kwenye ndoa akiwafikiria watoto wadogo wa nyumbani kwao, na Mtume alimwombea baraka. Walipofika Madina alimlipa bei ya ngamia yule, kwani walikuwa wameuziana njiani, kisha akamrudishia na ngamia pia. Maneno hayo yote, ya arusi na ya yatima na ya ukarimu, yalipatikana nyuma ya msafara. Waliotangulia mbele hawakuyasikia.

Basi kijana anayepanda gari, akaziba masikio kwa visikilizio na kufumba macho mpaka Rumonge, amesafiri, lakini safari ya ukoo wake imempita.

Kuna hadithi nyingine, ya Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo natamani kila mwanachama wetu aijue. Masahaba walikuwa safarini siku ya joto kali. Baadhi walikuwa wamefunga, wengine hawakufunga. Waliposhuka, waliofunga walianguka kwa uchovu, na wasiofunga ndio waliosimamisha mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume (s.a.w.) akasema kwamba siku hiyo thawabu zimechukuliwa na wale wasiofunga. Hakuwalaumu waliofunga. Alieleza tu nani amerudi na mzigo mkubwa zaidi. Unaweza kuwa umehifadhi juzuu nyingi, unasoma adhkari zako kwa utulivu dirishani, na thawabu za gari lote zikawa kwa binti wa darasa la tisa aliyeshika mfuko wa plastiki mbele ya mtoto anayetapika kwenye kona za Gitaza.

Nikifika hapa nataka kusema jambo linaloniuma. Nimesafiri katika magari ya arusi mara kadhaa, na mara nyingi nimeona wanaume wakishuka kusali, wanapanga safu, wanasalimiana, wanarudi garini wameridhika. Mama mwenye mtoto mchanga amebaki kwenye kiti. Ukimuuliza, atasema atalipa akifika. Sababu zake ni mbili: hana wa kumshikia mtoto, na nguo zake zimepata mkojo. Na aliyekuwa na uwezo wa kumwondolea sababu zote mbili ni mwanafunzi aliyepita mbele yake akielekea kutawadha.

La kumshika mtoto ni jepesi. Sali upesi, rudi, mchukue mtoto, mwambie shangazi au mama mdogo, "Nenda kasali, niko naye." Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab. Lakini katika madhehebu yetu anayesali huku amebeba mtoto mwenye pampasi iliyojaa najisi sala yake haisihi, na mama huyu analijua hilo, ndiyo maana hathubutu. Akilia mwache alie, hakuna aliyekufa kwa kilio cha dakika tano. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiswalisha na kusikia kilio cha mtoto alikuwa akiifupisha sala, kwa kujua jinsi moyo wa mama unavyohangaika.

La mkojo linahitaji elimu kidogo. Ummu Qays bint Mihsan (r.a.) alimleta kwa Mtume mwanawe mchanga ambaye hajaanza kula, akamkojolea nguoni. Mtume (s.a.w.) aliagiza maji akayanyunyizia pale. Kutokana na hadithi hiyo na nyinginezo, wanazuoni wa Kishafi wanasema: mtoto wa kiume asiyefika miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake unatosha kunyunyiziwa maji mpaka yaenee pale palipolowa, baada ya kuondoa umajimaji wake. Wa kike, na wa kiume aliyeanza uji, panaoshwa. Kwa hiyo chupa moja ya maji na kanga ya akiba vinamrudisha mama kwenye sala yake. Vibebe wewe. Usimngoje akuombe, hataomba.

Kuhusu kupunguza na kukusanya sala, msichanganye mambo. Ruhusa ya kupunguza imo katika Suratun Nisaa, aya ya 101, nayo inahusu sala za rakaa nne, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha. Magharibi haipunguzwi. Umbali wake kwa Mashafi ni marhala mbili, ambazo kwa vipimo vya leo ni kilomita 80 na zaidi kidogo, na hesabu za wanazuoni hutofautiana kidogo. Sasa, kutoka Bujumbura mpaka Rumonge ni kilomita zipatazo 75. Kwa hiyo anayeishia Rumonge, kwa hesabu hiyo, anasali kamili na kila sala kwa wakati wake. Anayekwenda Nyanza-Lac, Gitega, Muyinga au Kigoma ana ruhusa, nayo inaanza akishatoka nje ya mji, si akiwa bado Gasenyi anafunga mizigo. Wako wanazuoni wanaosema safari ni kile ambacho watu wanakiita safari, bila kilomita. Kama sheikh wa familia yenu anafuata kauli hiyo, usigeuze gari kuwa ukumbi wa mjadala. Na ukiswali nyuma ya imamu mkazi wa pale mlipofikia, unakamilisha pamoja naye.

Kukusanya ndiko kunakowasaidia wenye watoto. Mnaokwenda Kigoma, kwa mfano, mchana unaweza kuwakuta kwenye mpaka wa Mugina na Manyovu, mama yuko kwenye foleni na karatasi za watoto mkononi. Akinuia, kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka, kwamba ataichelewesha na kuisali pamoja na Alasiri, amesalimika. Mwambie mapema, na kwa upole. Kumweleza baada ya wakati kupita ni kumwongezea majuto tu. Tena kabla ya kumlipa dereva malipo ya awali, kubalianeni naye kwamba atasimama wakati wa sala, mahali penye maji. Miaka hii esansi imekuwa ya kutafutwa na gari la kukodi limekuwa ghali. Dereva aliyesubiri kwenye foleni ya mafuta usiku kucha atakuwa na haraka, na mkianza kubishana naye barabarani mtashindwa.

Kuhusu kuchelewa, jiandaeni. Gari litachelewa kuondoka kwa sababu kiatu kimoja cha mtoto hakionekani. Litasimama Kabezi kwa sababu mtoto mwingine anataka haja, na dakika kumi baadaye litasimama kwa yule aliyesema hataki. Hapo ndipo vijana wetu wanapoanza kufoka. Kumbukeni kidani cha Bibi Aisha (r.a.). Kilikatika safarini, Mtume (s.a.w.) akasimama kukitafuta, na watu wote wakasimama naye, mahali pasipo na maji na wao hawana maji. Watu wakamlalamikia Abu Bakr. Akamwendea binti yake kwa hasira, akamkaripia na kumdukua ubavuni, naye Aisha hakuweza kusogea kwa sababu Mtume alikuwa amelala, kichwa chake kiko pajani pake. Kulipokucha ikashuka aya ya kutayamamu. Usaid bin Hudhair (r.a.) akasema hiyo si baraka ya kwanza kutoka kwa familia ya Abu Bakr. Walipomwinua ngamia, kidani kilikuwa chini yake. Msafara mzima ulikwama kwa kitu cha mtu mmoja, na mpaka leo kila mgonjwa asiyeweza kugusa maji anasali kwa rehema iliyopatikana usiku ule. Sisemi kwamba kila kiatu kilichopotea kitaleta rehema kama hiyo. Nasema aliyefoka usiku ule alikuwa baba, tena mbora wa umma huu baada ya Mtume wake, na aliyenyamaza kimya ni Mtume.

Dereva naye asiharakishwe. Barabara ile ya ziwani ni nyembamba, upande mmoja mlima unaoporomoka wakati wa mvua, upande wa pili maji. Anjasha alipokuwa akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake wakaanza kwenda mbio, Mtume (s.a.w.) alimtaka apunguze kwa kuwa amebeba vyombo vya kioo. Mwenye kusema neno hilo kwa dereva awe mmoja, yule mliyemteua kuwa amiri wa safari. Ni sunna kuteua amiri hata mkiwa watatu, sembuse ishirini. Na mkimteua mjomba, basi ni mjomba, hata kama wewe una ramani kwenye simu.

Huko arusini kutakuwa na mengi, mengine hutayapenda. Hayo yana mlango wake na leo sitaufungua. Ila mchango: huna faranga, kila mtu anajua wewe ni mwanafunzi. Usikope ili uonekane. Chukua watoto wote alasiri moja, wapeleke ufukweni chini ya michikichi, mama zao wapate kupika na kuvaa kwa nafasi. Abdullah bin Jaafar (r.a.) alisimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliporudi safarini watoto wa nyumba yake walimpokea njiani, akampakia yeye mbele yake, kisha akaletwa mmoja wa watoto wa Fatima akapakiwa nyuma, wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja. Alikumbuka hata nani alikaa mbele.

Mtakaporudi, gari litakuwa na kelele chache na watoto wamelala mapajani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akirudi safarini huanzia msikitini, akasali rakaa mbili. Ombeni gari lisimame kwenye msikiti wa kwanza mtakaoukuta mkiingia mjini. Shuka wa mwisho, baada ya kumpokea bibi mkono na kumwuliza mama mdogo kama anataka kusali na nani atashika mapacha.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.