Nusu Iliyo Nzima

Mwaka 1888 Mjerumani Wilhelm Roux alichukua yai la chura lililokwisha kugawanyika seli mbili, akaiua moja kwa sindano ya moto. Iliyosalia ikakua nusu kiumbe. Basi, akasema, kila seli imepangiwa fungu lake tangu mwanzo.

Mwaka 1891, huko Trieste, Hans Driesch akachukua mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, jamaa ya wale wanaochoma nyayo za wavuvi wetu. Yeye hakuua, alizitikisa seli mbili majini hata zikaachana. Alitazamia nusu-nusu, akapata mabuu kamili, ila madogo.

Baadaye Driesch aliingia falsafa, akadai ipo nguvu isiyopimika iongozayo uhai. Hapo simfuati, kulipa fumbo jina si kulifumbua. Linalonisumbua mimi, niliyeongoza chuo cha ualimu, ni ile sindano. Seli ya Roux ilibaki imeshikamana na maiti ya mwenzake. Wengine walipoiondoa kabisa seli moja ya chura, iliyobaki ilitoa kiumbe kizima. Je, mwalimu anayempima mtoto aliyebeba msiba au njaa, huwa amempima mtoto? Roux hakusema uongo. Nusu aliiona kwa macho yake.