Kula na Kura



Sisi watu wa Tarime huchekwa huko nje kwa kuchanganya "l" na "r". Nilifundisha miaka mingi, na nilichoka kusahihisha madaftari ambamo mtoto ameandika kwamba baba yake amekwenda "kupiga kula". Baadaye niliona kuwa kosa la mtoto lilikuwa dogo kuliko letu sisi wazee, maana sisi tuliyachanganya maneno hayo kwa matendo.

Nianze na mimi mwenyewe. Wakati wa kampeni za mwaka 2005, wapambe wa mgombea mmoja walifika nyumbani jioni. Tuliwapa uji kama ilivyo desturi. Walipoondoka waliacha kilo mbili za sukari, na khanga kwa mama watoto. Sikutamka ahadi yoyote. Nilitabasamu tu, nikawasindikiza hadi njiani. Siku ya uchaguzi nikampigia kura mtu mwingine. Kesho yake niliwasimulia walimu wenzangu ofisini, tukacheka sana.

Mwaka uliofuata, darasa la sita lilichagua kiranja. Kijana mmoja aliwanunulia wenzake maandazi. Wakayala, kisha wakamchagua mwingine. Alikuja kwangu akilia. Nilipowauliza wenzake, mmoja alijibu bila hofu: "Mwalimu, kula kwake, kura kwetu." Darasa zima likacheka, kama tulivyocheka sisi ofisini. Nilitaka kuwakaripia wote, mtoaji na walaji, nikakosa mdomo wa kusemea.

Basi swali ni hili: Je, anayekula cha mgombea na kumnyima kura ametenda kosa, au kosa ni la mtoaji peke yake?

Wako watakaosema kwamba mwaka 2005 jambo lile lilikuwa halali. Ni kweli. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, nayo Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006 kwa kuwa ni kinyume cha Katiba. Lakini yatupasa kulitazama neno lenyewe. Kukirimu ni kazi ya mwenyeji. Mgeni akifika, mimi ndiye nimpaye kiti na uji. Wale walifika kwangu wageni, nao ndio wakanikirimu mimi mwenyeji! Mgeni akianza kumlisha mwenye nyumba, mwenye nyumba na ajiulize nyumba sasa ni ya nani.

Wengine husema, "Fedha ile ni yetu, wametuibia, basi tuile." Hoja hiyo ina utamu. Lakini kama ilikuwa ya wote, kwa nini iishie katika kikombe changu, wakati zahanati haina dawa? Aliyeibiwa ng'ombe hamwachii mwizi zizi kwa sababu amerudishiwa mkia.

Wengine husema kwamba ahadi iliyonunuliwa kwa rushwa haimfungi mtu. Hapo nakubaliana nao. Aliyekwisha kula asiongeze kosa la pili kwa kumchagua asiyefaa, ati amlipe. Kura ni siri kwa sababu njema: humlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, na kijana dhidi ya shinikizo la ukoo wake. Lakini tabasamu langu lilisema "ndiyo" wakati moyo ulisema "hapana". Siri ilikuwa kinga ya mnyonge. Mimi niliifanya maficho ya uongo. Wala sikuwa mnyonge. Mjane anayepokea unga kwa njaa ya wanawe simhukumu. Mimi nilikuwa na mshahara.

Hata hivyo, tusijidharau. Watu husema Tarime ni ya upinzani, lakini tukihesabu tutaona vingine. Mwaka 2005 jimbo lilimchagua Chacha Wangwe wa CHADEMA. Alipofariki katika ajali ya gari Julai 2008, uchaguzi mdogo ukampa kiti Charles Mwera wa chama hicho hicho. Mwaka 2010 wakachagua CCM, Nyambari Nyangwine. Mwaka 2015, majimbo yakiwa mawili, walishinda John Heche na Esther Matiko wa CHADEMA. Mwaka 2020 wakatangazwa Mwita Waitara na Michael Kembaki wa CCM, katika matokeo ambayo upinzani uliyakataa. Huko nyuma wengi wetu tulizoea jembe na nyumba, alama za wagombea wawili wa chama kimoja. Watu waliobadilisha hivi si mali ya chama chochote, na hilo ni jambo la heshima.

Lakini heshima hiyo yaweza kupotea. Oktoba 29, 2025 CHADEMA hakikuwamo katika karatasi ya kura, na siku ile ilileta machafuko na vifo katika nchi yetu. Tangu hapo nasikia hapa Nyarero, hata kwa watu wazima, maneno haya: "Kura haina maana, afadhali kula." Neno hilo lanitisha kuliko matokeo yoyote. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula kimoja, baada ya kuiona kuwa haina faida kwake. Anayetaka kuinunua haki yako hufurahi ukiamini kwamba haina thamani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtoaji amekosa, na kosa lake ni kubwa. Lakini mpokeaji mwenye uwezo wa kukataa naye amekosa, hata akimpigia kura mtu mwema, maana amemfundisha mtoaji kwamba mlango u wazi, akamfundisha na mtoto kwamba ujanja ni hekima. Mgombea akija kwetu tena, tumkaribishe kwa uji wetu, tumsikilize, tumwulize maswali magumu. Kisha tumwambie kwa upole arudi na sukari yake.

Yule kijana wa maandazi sikumjibu siku ile. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia, yeye na wenzake, nikianza na habari ya kilo mbili za sukari. Mwenye neno zaidi naye aandike.

Mwalimu mstaafu, Nyarero