Kwa Nini Marejesho ya Kodi Hayafanani Kila Mwaka: Swali la Haki

Marejesho ya kodi ya mapato ni fedha ambazo mlipakodi ametanguliza kulipa kupita kiasi anachodaiwa kisheria, na ambazo Serikali inapaswa kumrudishia. Kiasi chake hakitulii. Mwaka mmoja mtu hurudishiwa, mwaka unaofuata hadai wala hadaiwi, na wa tatu hutakiwa kuongeza. Wengi huiona hali hiyo kuwa dhuluma, kwa kuamini kwamba jambo la haki halina budi kuwa lilelile siku zote. Kwa hiyo swali hili ni la falsafa kabla ya kuwa la hesabu: je, haki hudai matokeo yaleyale, au hudai kipimo kilekile?

Nchini Tanzania kodi hii hutozwa kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 na kukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mfanyabiashara anayetunza hesabu hukadiria mapema faida anayoitarajia kwa mwaka, kisha hulipa kodi ya makadirio hayo kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka ukiisha, hupewa miezi sita kuwasilisha ritani inayoonyesha faida halisi. Marejesho huzaliwa katika pengo lililopo kati ya kilichokadiriwa na kilichotokea.

Mfano unaweka wazi jambo hili. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mtu binafsi anayekadiria faida ya shilingi 12,000,000 hutanguliza kodi ya shilingi 1,536,000, yaani 384,000 kila awamu. Faida ikiishia 9,120,000, kodi halali ni 816,000, na amezidisha shilingi 720,000. Mwaka unaofuata, kwa tahadhari, akikadiria 9,120,000 lakini akapata 12,000,000, atadaiwa shilingi 720,000 zilezile. Katika miaka yote miwili sheria ni moja. Kilichobadilika ni maisha yake na ubashiri wake.

Sababu ya kwanza ni maisha hayo, ambayo hubadilika kweli. Kule Lipingo, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kipato hufuata maji na msimu. Samaki wadogo waitwao usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi hupunguza mavuno. Upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, huzuia mitumbwi kuingia ziwani. Milimani Mbinga, bei ya kahawa huamuliwa kwa sehemu kubwa na masoko yaliyo mbali na mkulima. Anayenunua usipa au kahawa na kuuza mjini hawezi kujua mwezi Machi hesabu yake ya Desemba itasomekaje.

Sababu ya pili ni sheria yenyewe, ambayo Bunge huweza kuirekebisha kila mwaka wa bajeti. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000, akishakatwa asilimia 5 ya mchango wa pensheni, hubaki na 760,000 za kutozwa kodi. Kabla ya Julai 2020 kiasi hicho kilikatwa 110,100 kwa mwezi. Kima kisichotozwa kodi kilipopandishwa kutoka 170,000 hadi 270,000, makato yalishuka hadi 70,500. Mwaka 2021 kiwango cha chini kilipotoka asilimia 9 hadi 8, yakawa 68,000. Mshahara haukuguswa, kodi ikapungua mara mbili.

Sababu ya tatu ni kiasi kilichokatwa njiani. Kodi ya zuio hukatwa na anayelipa kabla fedha hazijamfikia mpokeaji, na mara nyingi huhesabiwa kama malipo ya awali. Makato hayo yakiwa makubwa katika mwaka wa faida ndogo, marejesho huongezeka. Nchini Marekani, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi, hali huwa na tabaka moja zaidi, kwa sababu majimbo mengi hutoza kodi yao ya mapato mbali na ile ya taifa. Texas haitozi mishahara. Oregon huwarudishia walipakodi ziada pale makusanyo yanapozidi makisio ya serikali kwa asilimia 2 au zaidi. Huko hata ubashiri wa serikali huathiri kinachorudi.

Kodi isiyobadilika iliwahi kuwapo Tanzania tangu enzi za ukoloni, nayo inafundisha mengi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Hakikutazama kama mwenye nyumba amevuna au ziwa limemnyima. Kodi hiyo ilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyotangulia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwingereza naye alitoza nyumba na kichwa, na baada ya uhuru kodi ya maendeleo iliwaelemea wanyonge hadi ilipofutwa mwaka 2003. Kodi ya kichwa haikuwa na marejesho kwa sababu haikuwa na swali la kumuuliza mlipaji. Aliye nacho na asiye nacho walihesabiwa sawa, na usawa huo ndio uliokuwa dhuluma.

Dini zimelijua jambo hili tangu zamani. Fungu la kumi la Biblia ni sehemu ya mavuno, kwa hiyo hupungua mavuno yanapopungua. Katika Uislamu zaka ya mali haimpati asiyefikia nisabu, yaani kima cha chini cha mali, na mazao yaliyonyeshewa na mvua hutolewa sehemu ya kumi, ilhali yaliyomwagiliwa kwa jasho hutolewa nusu yake. Aristotle naye alifundisha kwamba haki ya mgawanyo ni uwiano, si ulingano wa idadi. Mafundisho haya hayakutoka chemchemi moja, lakini yanakubaliana kwamba kipimo kinachomtazama mtu lazima kitoe majibu tofauti hali ya mtu inapobadilika.

Ipo hoja nzito ya kupinga. Mtu asiyejua atarudishiwa kiasi gani hawezi kupanga ada za watoto wala mtaji. Adam Smith, mwaka 1776, aliweka uhakika kuwa miongoni mwa masharti ya kodi njema. Hata hivyo uhakika alioutaka ni wa kanuni: mlipaji ajue mapema anadaiwa kwa kipimo gani, lini na kwa njia gani. Kanuni ikiwa wazi, mtu huweza kukokotoa deni lake mwenyewe, hata kama jibu halifanani na la mwaka jana.

Kutokana na hayo, wajibu uko pande mbili. Aliyezidisha kulipa anadai haki yake, haombi fadhila. Fedha hizo hazikuwahi kuwa za Serikali. Torati huagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa maisha yake yanautegemea ujira ule. Msingi huohuo unagusa marejesho: kuyachelewesha bila sababu, au kuyafidia kwenye madeni mengine bila maelezo, ni kumtumia raia kama mkopeshaji asiyeridhia. Kwa upande wake, mlipakodi anayekadiria chini kwa makusudi hujikopesha fedha ya zahanati na barabara za jirani zake.

Marejesho yanayopanda na kushuka, basi, si ushahidi wa dhuluma. Kinachopasa kupimwa ni mambo matatu: kama kanuni imetangazwa kabla, kama inamhukumu kila mtu kwa uwezo wake, na kama kilichozidi kinarudi kwa wakati. Mambo hayo ndiyo yanayopaswa kubaki vilevile mwaka hadi mwaka, na raia wa Lipingo ana haki ya kuyadai sawa na wa Dar es Salaam.