Kiyama cha Mmoja na Kiyama cha Wote

Napenda kuwaeleza ndugu zangu jambo lililonisumbua tangu siku za Pasaka iliyopita.

Kijana mmoja wa darasa letu ni fundi wa magari. Katika gereji afanyayo kazi yumo Mkristo mmoja wa umri wake, nao hula chakula cha mchana pamoja na kuazimana vyombo vya kazi. Ilipokaribia ile siku ambayo Wakristo huiita Ijumaa Kuu, yule mwenzake alizungumza khabari ya kufa na kufufuka kwa Nabii Isa (A.S.) kama waaminivyo wao. Kijana wetu akamkata kauli kwa swali ambalo kila mtoto wa barazani alijua: ikiwa Mungu alikufa, siku hizo ulimwengu uliendeshwa na nani? Waliokuwapo wakacheka. Yule Mkristo hakujibu hoja. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kuwa mamake amezikwa mwezi ule, na kwamba kama hapana Pasaka yeye hana jingine la kutegemea. Kisha akarudi chini ya gari.

"Sheikh," kijana akaniuliza baada ya Magharibi, "nilimshinda, au sikumshinda?"

Sikumjibu usiku ule. Na sababu ya kutomjibu naisema hapa bila ya kuficha: swali lile alilipata kwangu. Nimelisema juu ya mimbari na katika mihadhara zaidi ya mara moja, na kila mara watu walicheka, nami nilifurahi kwa kicheko chao.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida ametuamrisha kuwa mashahidi wa uadilifu, wala chuki yetu kwa watu isituchukue tukaacha kuwatendea haki. Basi anayesimama mbele ya watu akasema, "Wakristo waamini hivi na hivi," huyo anatoa ushahidi. Akiwa hakujua wasemalo, au amejua akalipunguza ili lichekeshe, ushahidi wake ni wa uongo, ijapokuwa dini anayoitetea ni ya kweli. Kwa hivyo nalirudi vitabuni, vyetu na vyao, nikakaa navyo majuma kadha.

Neno lenyewe, Pasaka, asili yake ni Kiebrania. Ni sikukuu ya Bani Israil ya kukumbuka kutoka kwao Misri pamoja na Nabii Musa (A.S.), na Wakristo waliichukua kwa kuwa Injili zao zasema mambo yale yalitokea Jerusalem katika siku za sikukuu hiyo. Wakati wake hufuata mwezi. Mkutano wa maaskofu uliofanywa Nikea mwaka 325 uliamua kuwa makanisa yote yaisherehekee Jumapili moja, na kanuni iliyothibiti ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Ndiyo sababu Pasaka huweza kuangukia siku yoyote kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Hata hivyo Wahabeshi na makanisa ya Mashariki, kwa kufuata hesabu ya zamani, aghalabu huwa na Pasaka yao siku nyingine. Asicheke mtu kwa hilo. Sisi tunaogombana kila mwaka juu ya kuandama kwa mwezi, nyumba moja ikafunga na nyumba ya pili ikala Idi, hatuna meno ya kuwachekea.

Ama hilo jambo lenyewe la kufufuka, wengi wetu hulidhania kuwa ni mojawapo ya mambo mawili, na silo hata moja. Huenda tukadhani wanasema kuwa roho ya Isa ilibaki hai baada ya kufa mwili. Hilo Wayunani walikwisha lisema kabla yao, wala halikuhitaji sikukuu. Paulo alipohubiri Athene, kama isimuliwavyo katika Matendo ya Mitume, walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja kufufuka kwa wafu. Hapo ndipo baadhi yao wakamdhihaki. Roho kuishi halikuwa jambo geni kwao. Mwili kurudi ndiko kulikowachekesha.

Au huenda tukadhani ni kama kisa cha Lazaro, maiti aliyetolewa kaburini akaendelea na maisha yake. Sisi nasi twaamini kwa nassi ya Qur'ani kwamba Nabii Isa aliwahuisha wafu kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini mtu aliyehuishwa namna hiyo alikufa tena, akazikwa tena. Wakristo wanasema jingine kabisa. Wanasema kwamba Kiyama kile tunachokingojea sote mwisho wa dunia, cha mtu kusimama mwili na roho katika uhai usio na mauti, kilianza kwa mtu mmoja, alfajiri ya Jumapili moja, katikati ya zama. Paulo katika barua yake ya kwanza kwa watu wa Korintho, aliyoiandika miaka ishirini na kitu baada ya mambo hayo, alikitaja kwa neno la wakulima: malimbuko. Mtu wa pwani halihitaji tafsiri. Shuke la kwanza likiletwa nyumbani hapana anayedhani ndilo mavuno yote, wala hapana anayeshuku tena kuwa mavuno yapo.

Na tazameni hoja yake ilivyojengwa, kwani mimi mwenyewe sikuwahi kuitazama. Aliwaambia watu wa Korintho, ambao baadhi yao walikanusha kufufuliwa kwa wafu, kwamba ikiwa wafu hawafufuliwi, basi hata Kristo hakufufuliwa. Na ikiwa hakufufuliwa, imani yao ni bure na waliokwisha kufa wamepotea. Yaani Kiyama cha wote ndio mzizi, na hicho cha mmoja ndilo tawi. Mayahudi wa zama zile walikhitalifiana katika mzizi huo: Mafarisayo waliukubali, Masadukayo waliukanusha. Paulo alikuwa Farisayo. Nusu ya kwanza ya hoja yake, kwamba Mwenye kuumba hashindwi kurudisha, hapana Mwislamu asiyeikubali, na hata wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walipotafuta neno walilichukua letu, kiyama.

Ama lile swali la nani aliyeuendesha ulimwengu, lina jibu miongoni mwao, tena la zamani. Mkutano wao wa Kalkedonia wa mwaka 451 uliweka kwamba katika Masihi mna tabia mbili, ya kiungu na ya kibinadamu, zisizochanganyika wala kutengana. Na wanavyuoni wao husema mauti yalimpata kwa ubinadamu wake. Mimi jibu hili silikubali. Naona ni kuifunga tauhidi fundo lisilofungika. Lakini kulikataa jibu ni jambo moja, na kuwaambia watu kuwa hapana jibu ni jambo la pili. La kwanza ni mjadala. La pili ndilo nililolifanya mimi.

Isije ikadhaniwa kuwa nimelainika katika itikadi. Suratun Nisaa imesema waziwazi kuwa hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa, na kwamba Mwenyezi Mungu alimnyanyua kwake. Wafasiri wametofautiana katika namna ya kufananishwa huko, na wengi wao husema mtu mwingine alitiwa sura yake. Katika asili ya jambo hawakutofautiana. Kwetu sisi hapana Jumapili ile kwa kuwa haikuwapo Ijumaa ile. Tena hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine, na mlango wa toba hauhitaji damu ya mtu ili ufunguliwe. Hapo njia zetu zinaachana, na ni unafiki kusema hazikuachana.

Lakini baada ya kukata hayo lilinibakia swali, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Tumezoea kusema: Mungu mwenye nguvu humwokoa Mtume wake kabla hajauliwa, hamwachi auliwe kisha ndipo amfufue. Hoja hii huvutia masikio. Nikaisema moyoni, kisha nikawakumbuka Manabii ambao Qur'ani inawalaumu baadhi ya Bani Israil kwa kuwaua. Hao hawakuokolewa kabla. Nikamkumbuka Bibi Sumayya, mamake Ammar, aliyeuliwa Makka kwa kusema kweli. Nikamkumbuka Sayyidna Hamza pale Uhud na mwili wake uliokatwakatwa. Mtume wetu (S.A.W.) alisimama juu ya maiti ile akahuzunika huzuni kubwa. Hakusema kuwa Mungu ameshindwa. Twasema nini sisi juu ya watu hawa? Twasema wako hai kwa Mola wao wanaruzukiwa, na kwamba iko Siku watasimama, na aliyewaua atasimama, na haki itatolewa. Maana yake ni kuwa sisi nasi twategemea wokovu wa baada. Lau tutaondoa baada hiyo, hatuna la kumwambia Ammar juu ya mamake.

Na hilo ndilo Mkristo analolishika katika Pasaka yake. Ukimwuliza asiye na elimu kubwa, hatakwambia khabari za Kalkedonia. Atakwambia kwamba mtu mwema alihukumiwa na wakubwa wa dini na wakubwa wa serikali, akauawa kwa aibu, marafiki zake wakamkimbia, na Mungu akaitangua hukumu ile. Twasema amekosea katika mtu aliyemtaja na katika tendo alilolisimulia. Hatuwezi kusema amekosea kutaraji kuwa hukumu ya madhalimu itatanguliwa.

Kuna kicheko kingine ambacho ni cha hatari zaidi, nacho nimekisikia kwa vijana wetu waliosoma: vipi mwili uliooza kaburini utasimama? Wanadhani wanawacheka Wakristo. Mtu mmoja katika makafiri wa Makka alimjia Mtume (S.A.W.) na mfupa mkavu, akauvunjavunja mkononi na kuuliza nani atakayeuhuisha; ikateremka jawabu mwishoni mwa Surat Yasin, kwamba atauhuisha Yule aliyeuanzisha mara ya kwanza. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111) alipowajibu wanafalsafa katika kitabu chake Tahafut, aliwahesabia makosa ishirini, lakini matatu tu ndiyo aliyowakufurisha kwayo, na moja katika hayo matatu ni kukanusha kufufuliwa kwa miili. Basi anayecheka mwili kurudi, na ajiangalie amesimama na nani.

Kule Baitul Maqdis liko kanisa ambalo Wakristo wanaamini limejengwa juu ya kaburi alimolazwa Isa. Lilizinduliwa mwaka 335 katika zama za Mfalme Konstantino. Wakristo wa Kiarabu huliita Kanisatul Qiyama. Baadhi ya waandishi wetu wa kale walilibadilisha neno kwa kejeli wakaliita Qumama, yaani jaa la taka. Nami nilipoisoma kejeli hiyo nilijiona mwenyewe. Khalifa al-Hakim wa Misri alikwenda mbali zaidi, akaamuru livunjwe mwaka 1009. Lakini Sayyidna Umar alipoingia mji ule, mwaka 637 au 638, alikaribishwa asali ndani akakataa, akasali nje, akihofu kuwa Waislamu baadaye watalinyakua kanisa kwa hoja kuwa Umar alisali humo. Khabari hii tumehifadhiwa na Mkristo, Said bin Batriq, Askofu Mkuu wa Iskandaria. Na mpaka leo ufunguo wa mlango wa kanisa hilo na kazi ya kuufungua zimo mikononi mwa nyumba mbili za Kiislamu, zirithishanazo amana hiyo tangu karne nyingi. Wanafungua mlango wa jambo wasiloliamini, nao Uislamu wao haukupungua.

Juma lililofuata nilimwita yule kijana. Nikamwambia, "Mwanangu, hukumshinda. Wala mimi sikukufundisha vizuri." Nikamweleza haya niliyoyaandika, kisha nikamwuliza kama alikwisha kumpa mwenzake pole ya mama. Akainamisha kichwa. Hakumpa. Alikuwa amejua msiba kwa kinywa cha yule yule aliyekuwa akimcheka.

Alikwenda nyumbani kwa mwenzake Jumapili jioni, na mkebe wa mkate wa mofa aliopewa na mamake. Asubuhi ya pili alipita kwangu kabla ya kwenda kazini akanisimulia. Waliketi kibarazani, hawakuzungumza dini kwa kitambo kirefu. Kisha yule Mkristo akamwuliza sisi tukizika husema nini. Kijana akamweleza jinsi kila mtu achukuavyo mchanga kwa mikono akautia kaburini mara tatu. Mara ya kwanza husema kuwa katika ardhi hii Mungu ametuumba. Mara ya pili husema kuwa humu ndimo aturudishamo. Hapo sauti ikamkatika, kwani alikumbuka jinsi mwenyewe alivyomzika babake.

Mwenzake akangoja. Kisha akamwuliza, "Na mara ya tatu?"