Hesabu Inayotumwa Nyumbani

Katika darasa letu la Milimani, mtaa ulioko mteremkoni juu ya mji wa Nakuru, lilizuka swali ambalo hatukulitafuta wala hatukuweza kulikimbia. Mzee mmoja katika sisi, ambaye asili yake ni Pwani na ambaye umri wake wote wa kazi ameumalizia huku bara, ana kijana aliyekwenda Ujerumani kusoma biashara. Ili kijana apate kwenda, mzee aliuza kiwanja alichokiweka kwa nyumba ya uzeeni. Kwa muda wa miaka miwili kila simu ilipopigwa khabari zilikuwa njema: masomo mazuri, afya nzuri, baridi imezoeleka. Zikaja picha za theluji na majumba makubwa, na mama akawaonyesha majirani. Kisha usiku mmoja kijana akasema kweli. Alikuwa ameanguka mara mbili katika mtihani mmoja, na tangu mwaka wa kwanza alikuwa akifanya kazi usiku katika ghala la kufungasha vifurushi, asubuhi akiingia darasani na usingizi machoni.

Mzee hakukasirikia mtihani. Alilotuambia ni hili: "Nimempeleka mwanangu akajifunze hesabu, vipi basi aniandikie mimi hesabu ya uongo?"

Swali lenyewe ndilo hili: Je, yafaa mtu kumficha mzazi wake hasara, kwa nia ya kumpunguzia huzuni?

Kwanza yatupasa tumpe kijana haki yake. Wengi wetu husikia kwamba vyuo vingi vya serikali vya Ujerumani havitozi karo, tukadhani kuwa kusoma huko ni bure. Sivyo. Mgeni anayeomba kibali cha kwenda kusoma hutakiwa kwa kawaida aonyeshe akiba iliyofungwa benki. Mwaka 2024 kiasi hicho kiliwekwa kuwa yuro 11,904 kwa mwaka, ambazo hufunguliwa yuro 992 kila mwezi. Katika hizo atoe kodi ya chumba, bima ya afya, chakula na nauli. Mwaka uo huo sheria ilimruhusu mwanafunzi wa namna hii kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Basi anayetumia fedha zake na kutuma nyingine nyumbani hana budi kuziiba saa za usingizi. Na kibali chake cha kukaa kimefungamana na masomo. Akiyakosa hayo, hatari ni kuyakosa yote mawili.

Katika madarasa hayohayo ya biashara wamo vijana wasiokuwa na mzigo huu. Mwaka 1923 vijana 8 wa chuo cha Delaware, Marekani, walivuka bahari kwenda kusoma mwaka mmoja Ufaransa, na tangu hapo jambo hilo limekuwa desturi kwa Wamarekani. Kijana wao huja Ulaya nusu mwaka au mwaka, masomo yake yakahesabiwa na chuo chake, kisha akarudi kwao. Hatusemi kwamba hana taabu, kwani wako miongoni mwao wanaosoma kwa madeni makubwa. Walakini akirudi huulizwa ameona nini, na wa kwetu, hata kabla ya kurudi, huulizwa ametuma nini. Yule amechukua mkoba wake, na huyu amekichukua kiwanja cha baba yake kichwani. Mwenye kuchukua mzigo kama huo si ajabu akaogopa kusema kwamba amejikwaa.

Hayo ndiyo ya kumtetea, na ni mazito. Tena wapo waliosema darasani kwamba kuficha kwake kulikuwa ni huruma: mama apate kulala, baba asijute. Tuliyapima maneno haya, na twaona kuwa yamechanganya mambo mawili. Kunyamaza juu ya maumivu yako mwenyewe kwaweza kuwa subira, na subira ni jambo jema. Ama kuchora furaha isiyokuwapo na kumpelekea mtu ili aiamini, hilo ni jambo jingine. Mwenye duka ambaye hakukutangazia uchovu wake hakukudhulumu. Aliyeficha nafaka mbovu chini ya nzuri amekudhulumu, hata ikiwa alitabasamu. Sote tumesomeshwa jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta umajimaji ndani, akamlaumu muuzaji kwa kutouweka juu watu wakauona. Lawama ile haikuwa kwa sababu ya mvua iliyonyesha, ilikuwa kwa sababu ya kuifunika.

Na uongo wa namna hii haukomei kwa mama. Jirani aliyeonyeshwa picha naye ana kijana, naye ana shamba. Atauza kwa kuitegemea hesabu ambayo upande wake wa hasara umekatwa. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizozitoa katika mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Hatusemi kwamba picha za wasafiri ndizo zilizouleta msiba ule. Twasema kwamba mahali ambapo hakuna aliyezoea kusikia khabari za hasara, mzazi hujifunza kutoa fedha, wala hajifunzi kuuliza.

Wala taabu za Ulaya si mpya kwa watu wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Aliyeisikia khabari ya kazi hiyo angaliona heshima tupu. Lakini mwaka 1905, alipotaka kurudi kwao na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ilimzuia kushuka naye Dar es Salaam. Akarudi alikotoka, akafa Berlin mwaka 1927. Anayeisimulia heshima yake akaacha kurudishwa kwake bandarini hakumsimulia Mtoro.

Hata hivyo, twauliza: hesabu ya uongo huandikwa na mtu mmoja? Sivyo. Yuko anayeandika, na yuko msomaji asiyetaka kusoma ila faida. Mzee wetu alikiri mwenyewe kwamba katika miaka ile miwili hakupata kumwuliza mwanawe amekula nini. Aliuliza atamaliza lini. Mtoto aliyesikia swali moja tu kila wiki alijifunza jawabu moja. Na sisi majirani tulimsifu yule kijana kwa sababu ya picha zake, tukamfungia mlango wa kurudi nyuma. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh al-Amin wa Mombasa, hakuficha, hata alipokuwa mtu mkubwa, kwamba mtihani wake wa shule haukumfungulia mlango wa Makerere, akaenda kufanya kazi ya karani kabla ya kusafiri kwenda Uingereza mwaka 1955. Kuanguka kule hakukumpunguzia cheo, na kukusema kumewafaa wengi walioanguka baada yake.

Basi rai yetu ni hii. Msafiri ana ruhusa ya kunyamaza, hana ruhusa ya kughushi, kwani fedha aliyoichukua ni amana, na mwenye amana ana haki ya kujua hali yake. Na mzazi naye ana wajibu wa kuifanya kweli iwe nyepesi kusemwa: aulize mwili kabla ya cheti, tena asimtishe mtoto kwa kiwanja alichokiuza kwa hiari yake.

Juma lililofuata mzee alipiga simu mbele ya mkewe. Kijana akasema, "Shikamoo, Baba." Mzee akaitika, kisha akamwuliza, "Leo umekula nini?" Kijana akanyamaza kitambo, ndipo akajibu, "Mkate, Baba." Wakazungumza saa nzima, wakaandika pamoja deni lote lililopo, na kijana akapunguza siku za ghalani. Mtihani wa mara ya tatu bado haujafanywa, na hatujui utakuwaje. Lakini mdogo wake, ambaye naye alikuwa akitamani safari, ameisoma hesabu hiyo yote, faida na hasara, na akitaka kwenda atakwenda akijua.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.