Sadaka Isiyogharimu Kitu

Somo: 2 Samweli 24:18–25



Siku hizi wengi wetu, toka Musoma mjini hata Bunda na Butiama, hupokea asubuhi ujumbe wa simu usemao kwamba tarehe ya leo alizaliwa fulani. Ni desturi njema. Kila tarehe 13 Aprili tunakumbushwa kuwa siku hiyo, mwaka 1922, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1743, alizaliwa Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa Marekani. Habari za namna hii tugawane bila hofu, mradi ziwe za kweli. Tarehe ya kuzaliwa haina mtungaji. Ni mali ya wote, kama mvua.

Lakini kwa simu ile ile tunagawana na vitu vingine: nyimbo za kwaya, filamu, hata vitabu vizima. Mmoja hununua, hamsini hupokea. Dukani kijana hujaziwa nyimbo mia katika flashi kwa fedha kidogo, na waliozitunga hawapati hata senti moja. Je, amri ya nane inatuhusu hapa?

Wako wanaojitetea wakisema, "Ng'ombe akiibwa, zizi hubaki tupu. Wimbo ukinakiliwa, mwenyewe bado anao." Hoja hii si ya kipuuzi. Jefferson naye aliandika katika barua ya mwaka 1813 kuwa wazo ni kama mshumaa: anayewasha wake kwa wangu hapunguzi mwanga wangu. Sisi tuliofundisha shule tunajua ukweli huo, maana mwalimu akifundisha hesabu darasa zima, hesabu zake hazipungui. Tena Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake watoe bure walichopewa bure (Mathayo 10:8).

Ila mwanga ni kitu kimoja, na nta ya mshumaa ni kitu kingine. Kwaya inayorekodi hulipa studio, nauli na mpiga kinanda kabla wimbo haujasikika. Tukiunakili wote pasipo kununua, hatujawanyang'anya wimbo, tumewanyima ujira. Na katika sura ile ile ya kumi, aya mbili tu mbele, Bwana asema mtenda kazi astahili chakula chake. Neno lile na neno hili yametoka kinywa kimoja. Tusichague moja na kuliacha la pili.

Jefferson huyo aliyesema vizuri juu ya mwanga alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Nabii Yeremia alikwisha kumtangazia ole mtu anayemtumikisha jirani yake bila malipo (Yeremia 22:13). Basi tujihadhari: mtu aweza kuusifu mwanga huku jasho la mwenzake asilione.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilijaribu kuyashika yote mawili. Iliilinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kisha ni ya watu wote. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na hivyo Mwalimu alipozitafsiri tamthilia zake, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hakuhitaji ruhusa ya mtu. Lakini Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Kiswahili alichokitolea jasho bado kina wenyewe. Kuikumbuka siku yake ya kuzaliwa na papo hapo kusambaza kitabu chake kizima cha kunakili, ni kumpa heshima kwa mkono wa kulia na kumpokonya kwa mkono wa kushoto.

Mtauliza, na mtoto ambaye mzazi wake hana fedha ya kitabu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni juu yetu sote. Waumini wakichanga, nakala chache zilizonunuliwa zitaazimwa na watoto wengi. Kuazima si wizi. Pia tuwe na desturi ya kumwomba mwenye kazi ruhusa. Ombi halina aibu.

Sasa tumtazame Daudi. Tauni ilikuwa inawaua watu, naye alikuwa na haraka ya kujenga madhabahu. Arauna Myebusi alimpa kiwanja cha kupuria na ng'ombe, tena kwa moyo mweupe. Daudi alikataa kuvitwaa bure. Alilipa shekeli hamsini za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Ikiwa Daudi alilipa kitu alichokuwa amekwisha kupewa, sisi tutachukuaje ambacho mwenyewe hajatupa, kisha tukakiimba mbele ya madhabahu Jumapili?

Ndugu zangu, kabla hujatuma, jiulize: ni habari tu, au ni kazi ya mtu? Mwenyewe ameruhusu? Amelipwa? Ukiona shaka, nunua au omba. Bwana atujalie mikono safi na sifa zilizo halali. Amina.